Kabla Hujavua Nguo, Tazama Dari

Tunduma mtu haogi kwa anasa. Anaoga kwa sababu vumbi la foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, limemkaa shingoni, na ikifika mwezi wa saba anaoga mbiombio, ndoo inafuka moshi na meno yanagongana. Kwa hiyo saluni moja hapa mjini ilipobandika tangazo la “hamamu ya Kizanzibari”, sikungoja kuambiwa mara mbili. Nikalipa, nikavua, nikaketi kwenye chumba cha mvuke. Dakika ya tano tone la maji baridi likanidondokea katikati ya mgongo. Halafu la pili. Nikainua macho: dari la jipsamu, bapa kama meza, limevimba na kuota madoa meusi.

Tone lile lilinifundisha pa kuanzia ukikagua hamamu. Mvuke hupanda, ukigusa dari hurudi kuwa maji, na maji hayo lazima yaende mahali. Dari bapa linakumwagia wewe. Kuba linayatelezesha pembeni yashuke na ukuta. Ukifika Unguja nenda Kidichi, kwenye hamamu ambayo Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, usimame katikati uangalie juu. Wageni wengi hupiga picha nakshi za maua na ndege zilizofinyangwa ukutani, nazo zinastahili kweli. Ila fundi aliyelipinda lile paa alikuwa anaufikiria mgongo wa muogaji.

Ukuta usikuchukulie muda. Bonyeza kwa kidole gumba tu. Chokaa ya pwani, ile inayotokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa, hunywa unyevu na kuutoa taratibu. Rangi ya mafuta hainywi kitu. Baada ya miezi michache ya mvuke utaikuta ina malengelenge.

Sakafu ndiyo kesi kubwa. Omba kopo la maji, uyamwage kwenye kona iliyo mbali zaidi na tundu la kutolea maji, kisha utulie utazame. Sakafu ya fundi huyakusanya maji na kuyapeleka bila kusita. Sakafu ya ovyo utaona maji yanatanga, yanarudi nyuma, mengine yanajificha chini ya benchi, na hapo ndipo kesho patakuwa na utelezi na harufu. Marumaru zinazong'aa zipendeze kwenye sebule ya mtu. Kisigino chenye sabuni hakizitaki.

Anayetaka kuelewa mpangilio wa vyumba na aende Hamamni, Mji Mkongwe, mtaa uliopata jina kutokana na bafu lenyewe. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliagiza hamamu ya umma, kazi ya fundi wa Kiajemi Haji Gulamhussein, na watu wa mjini waliingia kwa kulipa. Iliacha kutumika mwaka 1920. Leo ni kavu kabisa, na kwangu huo ukavu ni bahati, maana hakuna mvuke wa kukuficha makosa wala marashi ya kukuhonga. Unapita chumba baada ya chumba, unayaona mabirika matupu, unaelewa kwamba mwili ulikuwa unahamishwa kutoka hali moja ya joto hadi nyingine.

Na kuhusu joto, sisi wa mkoa wa Songwe hatuna haja ya kupanda boti. Kwenye bonde la mto Songwe, ule unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa (usiuchanganye na wajina wake wa mpakani na Malawi), kuna chemchemi za maji moto. Maji yanatoka ardhini na chokaa ndani yake, yakitiririka nje yanaiacha, tabaka juu ya tabaka, hadi imekuwa jiwe. Kwenye jicho la chemchemi hutii mkono. Anayetaka kuoga huteremka na mkondo, anajaribu kwa kidole cha mguu, anateremka tena, mpaka afike panapomfaa. Hamamu nzuri inakupa hiyo safari: vuguvugu, moto, kisha baridi ya kukurudishia akili. Chumba kimoja chenye mtambo na swichi ni jiko tu.

Sasa mkono. Msuguaji anayejua kazi hakugusi mpaka ngozi ilainike. Ananyoosha kidole, anakisugua kidogo ndani ya kiwiko chako, anatazama. Bado? Anakumwagia maji mengine, anaondoka. Akirudi na dodoki, nongo zinatoka ndefu, za kijivu, zinajikunja kama tambi, na ngozi inabaki na rangi yake. Mwenye haraka atakusugua mkavu. Utatoka mwekundu, unawaka, na nongo zako umerudi nazo nyumbani.

Singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, inakuja baadaye, na hapa pua hudanganywa kirahisi. Chukua kidogo, isage baina ya vidole: ikikwaruza, haikusagwa vya kutosha. Inayopiga kelele ndani ya kopo imetiwa mafuta ya dukani. Ya kweli, yenye liwa, karafuu, mrehani na asumini, ni kimya hadi ikutane na ngozi yenye maji.

Cha mwisho ni muda wa kukaa. Pale wanapojua, unapewa kanga au shuka na pa kujilaza hadi jasho likauke lenyewe. Pale saluni nilikuwa bado natiririka walipogonga mlango: kuna mteja mwingine. Nilivaa shati likaganda mgongoni, na kabla sijafika kwenye bajaji vumbi la malori lilikuwa limeshanikaa shingoni upya.