Laiti na Majuto: Kosa Moja katika Kufundisha Kiingereza

Katika shule za Musoma, Bunda na Butiama mara nyingi mtoto huingia darasa la Kiingereza akiwa na lugha mbili kinywani: ile ya nyumbani, iwe Kijita, Kizanaki, Kikuria au nyingineyo, na Kiswahili. Ya tatu yampasa aijenge juu ya hizo. Twataka kunena juu ya mahali pamoja ambapo jengo hilo huenda upande, yaani kutaja matakwa na majuto.

Mara nyingi tumeona mwanafunzi akiambiwa ya kwamba neno wish maana yake ni kutamani, kisha akaachwa. Fundisho hili halitoshi. Kiswahili hulitenga neno hilo moja katika njia tatu. Mtu amwombeapo mwenziwe mema, husema, Nakutakia heri. Atakapo jambo liwezekanalo, husema, Nataka, au, Ningependa. Bali alitakapo jambo ambalo silo, husema, Laiti. Asiyetengewa njia hizi atazichanganya siku zote.

Kosa la pili ni la nyakati. Mwingereza husema, I wish I knew. Umbo la tendo ni la wakati uliopita, lakini habari yenyewe ni ya sasa: hajui. Mwanafunzi afasiriye, Natamani nilijua, amepotea, maana nilijua hutaja jambo lililokuwa kweli. Fasiri iliyo sawa ni, Laiti ningejua. Na Mwingereza asemapo, I wish I had known, nasi twasema, Laiti ningalijua. Mkulima wa pamba wa Bunda atazamaye mbingu kavu asema, Laiti mvua ingenyesha. Msimu ukiisha kupita asema, Laiti ningalipanda mapema. Mtoto aliyekwisha kuyasikia maneno hayo mawili shambani anayo kanuni yote ya Kiingereza; amebakiwa na kuonyeshwa tu.

Wako wasemao ya kwamba tofauti ya -nge- na -ngali- imekwisha kufa. Ni kweli ya kuwa watu wengi huzichanganya katika mazungumzo, na wengine husema, Ningekuwa nimejua. Hatuwalaumu. Lakini darasani yafaa tofauti hiyo ishikwe, kwa sababu bila hiyo mwanafunzi hana mahali pa kuliweka lile umbo la pili la Waingereza, naye huliona kuwa mzigo usio na maana.

Adhaniye ya kwamba Kiswahili hakiwezi kazi hii na akumbuke kazi ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alifasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapwa mwaka 1963. Akaupitia upya, ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mchezo huo umejaa mambo yasiyokuwa. Caesar, karibu na kuuawa, awaambia wamwombao ya kwamba angekuwa kama wao, angegeuzwa moyo. Antony naye awaambia watu ya kuwa angekuwa yeye ndiye Brutus, angeziamsha roho zao. Mfasiri afuataye umbo la Kiingereza humfanya Antony adai ya kwamba alikuwa Brutus kweli!

Limebaki neno regret. Likifuatwa na to, kama katika barua ya kumnyima mtu kazi, maana yake ni kusikitika: Twasikitika kukuarifu. Likifuatwa na tendo lenye mwisho wa -ing, maana yake ni kujuta kwa jambo lililokwisha tendwa. Karani aandikaye, Twajuta kukuarifu, amekiri hatia asiyokuwa nayo; na mwanafunzi atakaye kutubu akaandika lile la kwanza, ataonekana atoa habari tu, wala hana toba.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wenzetu waanze somo hili kwa Kiswahili. Kwanza mtoto na aulizwe: Jambo hili ni la kweli au silo? Ni la sasa au limepita? Je, mwenye kusema ana hatia au hana? Akiisha kujibu, ndipo apewe Kiingereza. Mtoto akosaye maumbo haya hudhaniwa hajui kufikiri, hali amefikiri sawasawa, ila hakuonyeshwa ya kwamba lugha yake imekwisha kumtangulia njiani.