Fundi wa Katambuga

Tairi likishakuwa kipara, dereva amemalizana nalo. Fundi wa katambuga, viatu vya matairi, ndipo anapolitaka, maana likiwa na kashata nene soli huwa nzito na haikunjiki mguuni.

Kabla ya kugusa kisu, huchungulia mahali lilipopasuka. Anatafuta nailoni. Tairi la nailoni lina tabaka za nyuzi zilizopishana mshazari, na kisu kikali hupita humo bila ugomvi. Lile la waya, ambalo Michelin ya Ufaransa ililisajilia hataza mwaka 1946, lina mikanda ya chuma chini ya kashata. Dereva amefaidi kwa kwenda mbali zaidi, fundi amepata mapengo kwenye makali. Tena waya ukichomoza, anayeumia ni mwenye unyayo. Ndiyo maana mafundi wazoefu hawaachi kuulizia matairi ya nailoni ya malori na matrekta.

Kazi ya kukata ndiyo ningeweza kuitazama kutwa. Mpira mkavu hung'ang'ania kisu, kwa hiyo maji hayakosekani karibu, na kisu huchovywa kila mara. Fundi hatumii nguvu kama mtu anavyodhani. Anakunja kipande kwa goti hadi pale alipochana panafunguka penyewe, kisha ncha ya kisu inafuata ufa huo taratibu, ikizunguka mstari wa chaki uliochorwa mteja alipokanyaga. Soli hukatwa kufuata mzunguko wa tairi, hivyo inabaki na mpindo wake, vidole na kisigino vimeinuka kidogo.

Mikanda hutoka ubavuni mwa tairi. Sehemu hiyo iliundwa ibonyee na kurudi kila gurudumu linapozunguka, basi juu ya mguu haina shida. Matundu ya kupitishia mikanda hutobolewa membamba kuliko mkanda wenyewe. Unavutwa kwa koleo, mpira unaubana, na misumari midogo inakuja kuhakikisha tu.

Viatu hivi, ambavyo Wakenya huviita akala, vimekuwa vya Wamaasai kiasi kwamba ni vigumu kuwawazia bila hivyo, na mwiba wa mgunga hauvipenyi kirahisi. Vietnam nako wapiganaji walivaa vya kwao vya matairi, na Ho Chi Minh mwenyewe alivivaa akiwa rais. Siku hizi vibanda vya Arusha na Nairobi huuza vilivyoshonewa shanga, na watalii wanavipenda. Ni vizuri, sikatai, ila mimi huchagua vitupu, kwa sababu shanga hufunika kingo, na kwenye kingo ndiko unakomjua fundi: mkono uliosita huacha ngazi.

Mkanda ukilegea baada ya miezi, mteja anarudi. Fundi anauvuta, anaupigilia upya na kukata kilichozidi. Mabaki yana wateja wao pia: vipande virefu huwa bawaba za mabanda ya kuku, na pete ya chuma ya ukingoni huenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.