Hongera, Mafundi wa Manah

Manah, jirani na Nizwa, kuna jengo la pembe kali lililoiga milima ya Hajar. Ni Makumbusho ya Oman ya Enzi Zote: Sultani Qaboos aliweka jiwe la msingi mwaka 2015, Sultani Haitham akayafungua Machi 2023. Ndani, picha zinatembea ukutani, sauti inakusimulia, skrini zinangoja kidole chako (mjukuu atazizoea kabla ya babu). Hongera zangu ziwaendee wasioonekana: fundi wa sanamu, fundi sauti na mwandishi wa programu, waliolazimika kusikilizana mpaka kazi zao zikawa moja. Watu wa Sur, mji wa pwani wa Oman, wanaujua ushirika huo. Jahazi lao Fath al-Khair, la 1951, lilipita mikononi mwa waranda mbao, wachongaji na wapiga kalafati.