Kinaya katika Matangazo ya Moja kwa Moja: Tsunami ya Japani ya 2011

Kinaya cha kitamthilia huzuka pale hadhira inapofahamu jambo asilolifahamu mhusika. Hadhira ya Sophocles yamjua Oedipus kabla hajajijua mwenyewe. Je, dhana hii yaweza kuhakiki picha ya televisheni isiyo na mtunzi wala msuko?

Mnamo Machi 11, 2011, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko la kipimo cha 9.0 liliikumba pwani ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Zaidi ya saa moja baadaye, helikopta ya shirika la utangazaji la NHK ilirusha moja kwa moja picha za uwanda wa Natori, karibu na Sendai: maji meusi yaliyobeba nyumba yakiyafunika mashamba, huku magari yangali barabarani. Mtazamaji wa Nairobi, ambako ilikuwa bado asubuhi, aliweza kuliona wimbi na gari kwa pamoja. Dereva hakuwa na upeo huo. Mtazamaji alipewa jicho la msimulizi maizi, ila bila majina ya wahusika wala uwezo wa kuwasemesha.

Kinaya chenyewe, hata hivyo, ni kikali zaidi ya hapo. Umeme ulikuwa umekatika katika sehemu kubwa ya Tohoku. Picha iliyoonekana Nairobi na London haikuweza kuonekana katika nyumba nyingi za wale iliowahusu. Onyo la kwanza lilikuwa limekadiria wimbi la mita 3 katika mkoa wa Iwate. Makadirio yakapandishwa baadaye hadi mita 10 na zaidi, lakini wapo waliolisikia lile la kwanza tu. Waliofariki au kupotea walipita 18,000.

Aristotle aliihusisha tanzia na huruma pamoja na hofu. Hapa mtazamaji wa mbali hupata huruma tele. Hofu ni ya kuazima. (Kumwita shahidi, kama ilivyo desturi, ni kumpa cheo kikubwa mno: shahidi huweza kuulizwa.)

Jambo ambalo mhakiki wa lugha hapaswi kulipuuza ni yale yaliyofuata. Mwaka 2011 sauti ya studio ilikuwa tulivu, nayo ilieleza zaidi kuliko kuamuru. NHK ilibadili mtindo huo baada ya maafa. Idara ya hali ya hewa nayo, tangu 2013, huanza onyo la matetemeko makubwa mno kwa neno lenye maana ya "kubwa kupindukia" badala ya tarakimu. Mita 3 zilikuwa zimesikika kama kitu cha kuvumilika. Tetemeko la Noto lilipotokea Januari 1, 2024, mtangazaji alipaza sauti akiwaamuru watu wakimbie mara moja na wakumbuke maafa ya 2011. Usimulizi wa nafsi ya tatu ukawa amri ya nafsi ya pili. Masikio ya ugenini huenda yangeuona ukali huo kuwa wa ajabu. Amri hiyo haikuwa yao, wala haikutungwa ipendeze. Ilimlenga mtu aliyesimama karibu na maji, kwa matumaini kwamba redio au simu yake bado inafanya kazi.