Mita Ishirini za Simba, Sekunde Moja na Nusu ya Bastola

Pale Dumila, barabara ya Kilosa inapoachana na ile ya Morogoro kwenda Dodoma, basi likisimama tu madirisha hujaa vitunguu na nyanya. Abiria hununua, basi huondoka. Lakini ukipita nyuma ya vibanda ukashika njia ya mashambani, kando ya mto Mkundi ambao mafuriko yake ya Januari 2014 yalikata mawasiliano kwenye daraja la Dumila, unaingia kwenye mahindi marefu kuliko mtu, matete na vichaka vya miiba. Upande wa kusini iko Hifadhi ya Mikumi, mashariki liko pori la Wami-Mbiki. Anayepita njia kama hizo magharibi ikiingia, awe mwindaji mwenye kibali au mkulima anayekwenda kulinda shamba, hana haja ya kufundishwa hofu. Na swali linalofuata hofu hiyo nimelisikia mara nyingi: bunduki ni nzito, mikono ina kazi, kwa nini mtu asitembee na bastola kiunoni?

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa vipimo.

Tuanze na muda. Simba anayeshambulia hukimbia kilomita 50 hadi 60 kwa saa, yaani mita 14 hadi karibu 17 katika kila sekunde. Mwaka 1983 askari polisi wa mji wa Salt Lake City, Marekani, jina lake Dennis Tueller, alipima muda anaotumia mtu mwenye kisu kumfikia askari ambaye bastola yake bado imo kwenye ala. Mtu yule alimaliza mita 6.4 kwa sekunde 1.5, na sekunde hizo ndizo anazohitaji askari aliyefunzwa ili achomoe, aelekeze na kufyatua. Mweke simba mahali pa yule mtu: kwa muda huo huo amekwisha kumaliza mita 20 na zaidi. Sasa jiulize, katika mahindi yaliyokomaa unaona mita ngapi mbele yako? Tano ni nyingi. Maana yake ni kwamba hata mkono mwepesi kuliko yote utakuwa bado uko kwenye ala wakati mnyama ameshafika kifuani.

Halafu nguvu. Risasi ya bastola ya milimita 9, ambayo ndiyo wengi wanaijua, hutoka na nishati ya juli 500 hivi. Rivolva ya .44 Magnum, ambayo ni jitu miongoni mwa bastola, hufika juli 1,300 hadi 1,500. Bunduki ya .375 H&H, iliyobuniwa mwaka 1912 na inayotegemewa mpaka leo katika mapori ya Afrika, hutoa zaidi ya juli 5,500. Simba dume ana kilo 190 au hata zaidi, amejaa misuli kifuani, na anapokuja uso kwa uso ubongo wake umejificha nyuma ya fuvu lililolala kwa mteremko. Risasi ndogo inayotanuka, iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, inaweza kuishia kwenye nyama kabla ya kufika kwenye kiungo chochote kinachomsimamisha. Atakufa, pengine, baada ya saa moja. Wewe unahitaji asimame sasa hivi.

Wapo watakaonitajia Alaska, na wana haki. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa matukio 269 ya watu wenye silaha kukutana na dubu huko, kuanzia mwaka 1883 hadi 2009. Bastola zilifanikiwa kwa asilimia 84, bunduki asilimia 76. Ukiishia hapo utakwenda dukani kesho. Lakini waliotumia bastola walikuwa 37 tu, na watafiti wenyewe walipolinganisha waliotumia silaha na wale waliokuwa nayo lakini hawakuitumia, hawakuona tofauti ya maana katika kuumia. Watu walishindwa kwa sababu za kawaida kabisa: hawakupata nafasi ya kufyatua, risasi zilikwama, walikosa shabaha, walisahau kizuizi cha usalama. Isitoshe, dubu wengi hutisha kwanza, wakasimama, wakapima. Chui aliyejeruhiwa hatishi mtu. Anakuja chini kwa chini, kimya, na meno yake yanatafuta uso na shingo.

Kwa hiyo, je, bastola haina kazi porini? Ina kazi moja, na ili tuielewe nitachambua matukio mawili ya zamani.

La kwanza ni la stesheni ya Kima, Kenya, usiku wa tarehe 6 Juni 1900. Simba alikuwa amewasumbua wafanyakazi wa reli, na mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliamua kumvizia akiwa ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Ryall alishika zamu ya kwanza. Wenzake walilala, na baadaye usingizi ukamchukua na yeye. Simba aliingia kupitia mlango wa kusukuma, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukateleza na kujifunga nyuma yake. Alimkanyaga mmoja aliyelala sakafuni ili amfikie Ryall, akamuua, akatoka naye dirishani. Behewa lile limehifadhiwa mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Usiku ule humo ndani hakuna kilichopungua upande wa silaha. Walikuwa watu watatu wenye bunduki, waliokuja kwa kazi hiyo hiyo, wakimsubiri mnyama huyo huyo. Kilichopungua ni jicho moja lililo macho, pamoja na mlango uliofungwa kwa komeo. Mpe Ryall bastola tatu, matokeo hayabadiliki.

La pili ni la Agosti 1903, katika pori ambalo baadaye liliitwa Kruger, Afrika Kusini. Askari wa wanyamapori Harry Wolhuter alikuwa juu ya farasi giza likiingia. Simba aliruka, Wolhuter akaanguka, na bunduki ikapotea gizani. Simba wa pili akamshika bega la kulia na kumburuta chali, uso wake ukiwa umefunikwa na manyoya ya kifua cha mnyama. Mkono wa kulia haukuwa na kazi tena. Kiunoni alikuwa na kisu cha kawaida. Aliuzungusha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo mpaka akakifikia, akapapasa mahali moyo ulipokuwa unapiga, akachoma mara mbili nyuma ya bega la simba, kisha mara moja kwenye koo. Simba alimwachia na kufa si mbali. Wolhuter alipanda mti kwa mkono mmoja, akajifunga kwenye tawi asianguke akizirai, na mbwa wake akamzuia simba mwingine asimfikie. Aliishi miaka mingi baada ya hapo.

Katika tukio hili kila jambo dogo lina uzito. Bunduki yenye nguvu ilipotea katika sekunde ya kwanza, kwa sababu ilikuwa mkononi, na mikono hufunguka mtu anapoanguka. Kilichobaki ni kile kilichofungwa mwilini. Kilifaa kwa sababu mkono wa kushoto uliweza kukifikia. Laiti kingekuwa mahali ambapo ni mkono wa kulia tu unafika, hadithi ingeishia pale. Na kilitumika bila kulenga, kwa kupapasa, mnyama akiwa ameshamshika.

Hapo ndipo mahali pa bastola: wakati simba ameshafika, mgongo wako uko chini, na meno yake yako kwenye mwili wako au wa mwenzako. Hasa wa mwenzako. Wanaofuatilia wanyama hatari wanaiogopa sana picha hiyo, mnyama akiwa juu ya mtu na watu wengine watatu wakiwa na bunduki, kila mmoja akijua kwamba risasi ya .375 itapita kwa simba na kumtokea rafiki. Anayeweza kusogea, akagusisha mdomo wa silaha fupi kwenye fuvu la mnyama na kuielekeza mbali na mwili wa mtu, anafanya kitu ambacho bunduki ndefu hukifanya kwa shida.

Hata hapo kuna mtego wa kiufundi ambao wengi hawaambiwi. Bastola ya magazini, mdomo wake ukigandamizwa kwenye nyama, sehemu ya juu husukumwa nyuma kidogo, na zilizo nyingi haziwezi kufyatua katika hali hiyo. Hata ikifyatua, manyoya au ngozi huweza kuizuia isirudi vizuri ipakie risasi ya pili. Rivolva haina ugonjwa huo, kwa kuwa hakuna kinachorudi nyuma. Ndiyo maana walioamua kubeba silaha ya kiunoni katika mapori ya aina hii hupendelea rivolva nzito, risasi ngumu zisizotanuka, na ala iliyofungwa kifuani au mbele ya tumbo, mahali ambapo mikono yote miwili inafika. Ala ya nyuma ya nyonga, chini ya koti la mvua na mkanda wa begi, ni mapambo.

Kwa mwindaji, kinga yenyewe iko kabla ya hapo, katika namna ya kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Mwindaji bingwa akiona damu haingii majanini mara moja. Anasubiri, nusu saa au zaidi, mnyama apoe na pengine afe. Anawarudisha nyuma wote wasiohitajika, kwani kila mtu wa ziada ni mtu wa ziada wa kulindwa. Mfuata nyayo anaangalia chini, na hana kazi nyingine. Wenye bunduki wanaangalia mbele, na hawaangalii damu hata kidogo. Silaha imeshapakiwa na iko mikononi, haiko begani. Kwa chui kwenye kichaka kinene, wengi huweka kando bunduki kubwa na kuchukua ile ya marisau, maana umbali utakuwa hatua chache na muda utakuwa hautoshi kulenga. Na silaha yenyewe iwe imejaribiwa. Kanali Patterson, aliyewaua simba wawili wala watu wa Tsavo, Kenya, mwezi Desemba 1898, aliwahi kumkabili mmoja wao akiwa na bunduki nzuri ya kuazima, alipofyatua, ikagoma. Aliponea chupuchupu.

Sheria nayo iseme neno lake. Mwindaji mtalii haruhusiwi kuja Tanzania na bastola. Kwa mwananchi, silaha ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni inatoka baada ya mchujo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kumuua mnyama ili kuokoa maisha, lakini lazima atoe taarifa, na mzoga ni mali ya Serikali. Bwana nyama akikuta ngozi imefichwa uvunguni, maelezo ya kujihami yatakuwa magumu kuaminika.

Mpaka hapa nimezungumza kuhusu mwindaji, lakini moyo wangu uko kwa mtu mwingine. Profesa Craig Packer na wenzake walipohesabu, katika makala yao ya mwaka 2005, waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, walipata zaidi ya watu 560, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa. Hao hawakuwa wawindaji. Walikuwa wakulima wa kusini na pwani: watu waliolala kwenye dungu, waliotoka nje usiku kwenda chooni, waliotembea kutoka shambani. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Mnyama aliyewaleta simba hao mashambani ni nguruwe pori. Pale ambapo swala na nyati wamekwisha, nguruwe hubaki. Nguruwe huyafuata mahindi, mkulima huenda kulala shambani kumfukuza nguruwe, na simba humfuata nguruwe akamkuta mkulima. Huko Rufiji simba mmoja aliwaua watu zaidi ya 30 kati ya mwaka 2002 na 2004. Alipopigwa risasi alikutwa na jipu kubwa chini ya jino lililopasuka.

Mkulima huyo hawezi kununua bastola, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa. Nikilinganisha fedha hizo na bei ya rivolva moja na risasi zake, naumia. Fedha za rivolva hiyo zingechimba mtaro wa kumzuia nguruwe kuzunguka mashamba ya majirani kadhaa, na nguruwe asipoingia hakuna sababu ya mtu kulala nje. Zingeweka mbao imara kwenye dungu, sakafu yake ikiwa juu kuliko simba anavyoweza kuruka kwa urahisi, ngazi ikivutwa juu na mlango ukifungwa kwa komeo kutoka ndani. Kwenye dungu kama hilo wakilala wawili, mmoja anakesha. Kima palikuwa na watatu.

Na kuna kalenda, ambayo hainunuliwi. Packer na wenzake walirudi mwaka 2011 na uchambuzi wa mamia ya mashambulizi, wakaonyesha kwamba siku kumi zinazofuata mwezi mpevu zina hatari kubwa mara mbili hadi nne kuliko siku kumi zinazoutangulia. Simba hawindi vizuri kwenye mwanga, hivyo mwezi ukiwa mkubwa hulala na njaa. Ukianza kuchelewa kuchomoza, zile saa za giza baada ya magharibi ndizo anazozisubiri, na ndizo saa ambazo watu bado wako njiani. Kwa hiyo tangu usiku wa pili baada ya mwezi mpevu, mlinzi wa shamba awe amekwisha kupanda dungu kabla jua halijazama, ngazi imevutwa, taa inawaka. Aliyechelewa kijijini alale huko huko.