Hakuna Ua Wenye Maua Yote

Ukitaka kumkuta bibi huyu kazini, nenda baada ya Alasiri. Mapema kuliko hapo utamkuta amelala, na Magharibi ikiadhiniwa kazi imekwisha. Hukaa juu ya mkeka uani kwake, Mji wa Kale wa Mombasa, miguu kainyoosha, uteo kaupakata, leso moja kajifunga na nyingine kajitanda. Uteoni mna asumini zilizochumwa punde hivi, zote zingali matumba. Anapotia uzi sindanoni hasemeshwi. Uzi ukishapita, ndipo majirani husogea na habari zao.

Anatunga vikuba, vishada vya maua na majani yanukiayo. Wapo wanaosema hii ni kazi ya kupitishia wakati, nami huwaomba wakae kidogo tu mbele ya mkeka ule. Sindano haipiti katikati ya ua. Hupita kwenye kikonyo, chini kidogo ya pale petali zinapoanzia, kwa sababu ua lililochomwa moyoni hugeuka kahawia kabla ya Isha. Vikonyo hukaa ndani, vichwa nje, kila asumini ikiegemea mwenzake bila kumbana. Uzi ukikazwa mno, usiku matumba yatakapofunguka hayatapata nafasi. Ukilegezwa, mapengo yataonekana bibi harusi atakapogeuza shingo. Anachokishika mtungaji ni matumba ya alasiri, lakini anachokitunga ni shada la saa tatu usiku.

Saa ya kuchuma nayo si ya kubahatisha. Asumini hufunguka jua likishatua, na harufu yake hutoka pamoja na kufunguka huko. Ukichuma asubuhi utapata ua lililokwisha kutoa lililokuwa nalo. Ukichuma mapema mno mchana utapata tumba changa litakalonyauka kabla halijafunguka. Tumba lililojaa, likawa jeupe kabisa, ni la leo. Lenye chembe ya ukijani ni la kesho, liachwe. Bibi macho yake yamefifia, siku hizi huchagua kwa ncha za vidole, na sijapata kumwona akikosea.

Kisha upo mkadi. Huu haupandwi penye watoto, kwa miiba iliyojipanga kwenye kingo za majani yake, na unaonukia ni mkadi dume peke yake. Unapochanua, nyumba nzima hujua. Bibi huyachana yale majani meupe yanayolifunika ua lake, huyakunja vipande vifupi, na hapo ndipo kikuba kinapoanzia. Juu yake huja rihani, ambayo lazima ishikwe kwa adabu maana ukiifinya hutoa harufu yake yote hapo hapo mkononi. Halafu waridi, na kilua kikipatikana, mwisho asumini. Asumini itakuwa imechoka alfajiri. Rihani itafika adhuhuri. Mkadi utabaki ndani ya kasha la nguo hata mwenyewe asahau aliutia lini. Fundi wa vikuba, kabla hajafunga uzi, ameshajua ipi itatangulia kuondoka na ipi itabaki nyuma.

Nikimsifu kwa hayo hakubali. Husema, “Mwanangu, sifu nyua.”

Maana hakuna ua wenye maua yote. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana. Ua wenyewe ni hatua chache, na humo mna tangi la maji, kamba ya nguo na jiko la makaa. Mwasumini ulipewa pembe moja, ukapandishwa ukutani kwa fito. Mrehani ulikaa ndani ya debe lililotobolewa chini. Mwenye nafasi ya mkadi alikuwa mmoja katika mtaa mzima, na pengine hakuwa nao mtaani bali shambani, ng'ambo ya Likoni. Mwenye mawaridi alikuwa mwingine. Kwa hiyo kikuba kimoja kilipita nyumba nne au tano kabla hakijafika kifuani mwa mtu. Kwingineko duniani watu huunda chama cha bustani, chenye katibu, mweka hazina na siku ya mashindano. Mtaani petu chama kilikuwepo bila daftari. Wanachama walikuwa wanawake, kikao kilikuwa kila alasiri, na ada ilikuwa tawi.

Sheria zilikuwepo pia, ingawa hazikuandikwa. Tawi la mwasumini haliuzwi. Anayeomba hanyimwi, ila aje mwenyewe, asitume mtoto. Halikatwi na mgeni, hukatwa na mwenye mti, kwa sababu yeye ndiye ajuaye tawi gani likiondoka litauzindua mti. Asumini huchanua kwenye vichipukizi vipya, na mti usiopogolewa hubaki na vijiti vikuukuu na majani matupu. Basi kila aliyempa jirani tawi alikuwa ameupogoa mti wake, na wenye mikono mizito walijulikana kwa myasumini yao isiyochanua. Sinia lililopeleka maua halikurudi tupu. Lilirudi na kaimati, au angalau na habari ya mgonjwa.

Elimu ilipita humo humo, baina ya sinia na sinia. Maji ya kuoshea mchele hupelekwa kwenye mrehani. Mrehani hukatwa vichwa kabla haujatoa mbegu, la sivyo shina hukomaa na majani hupungua. Maji ya kisima yakikolea chumvi wakati wa kaskazi, mwasumini hugeuka manjano, kwa hiyo wenye maji matamu walitakiwa wagawe. Nasaba za miti zilihifadhiwa vichwani: mwasumini huu umetoka kwa shangazi yake fulani, nao uliletwa kutoka Lamu kwa jahazi, mizizi imefungwa kitambaa kibichi. Mti ukifa, mwenyewe hakuhuzunika sana. Alijua watoto wake wako nyua gani.

Mimi hukumbuka zaidi jioni za kutunga kwa ajili ya harusi. Masinia yalianza kuingia jua likiwa bado kali, yamefunikwa vitambaa vilivyoloweshwa, na kila moja likitajiwa lilikotoka kwa sauti, ili hisani ya mtu isipotee ndani ya mchanganyiko. Wazee walikaa katikati na sindano zao. Wasichana waliwachagulia matumba na kuwapa moja moja. Chetezo cha udi kilizunguka. Sisi watoto tulitumwa huku na huku, na tulikatazwa jambo moja tu: kunusa. Ua la bibi harusi halinuswi, tuliambiwa, utalimaliza. Harufu haimalizwi na pua, sote tulilijua hilo, lakini tulipita na masinia yale tumezuia pumzi, mashavu yamejaa, na wazee wakicheka chini chini.

Kwenye mkeka huo ndipo mambo ya mtaa yalipoamuliwa. Nani aposwe, mjane wa nyumba ya pembeni apelekewe nini, kijana gani ameanza kurudi usiku sana. Waliogombana walikuwa na tabu kubwa zaidi, kwa kuwa mmoja alikuwa na mawaridi na mwenzake ana mkadi, na harusi haingoji mtu apoe. Nimewaona wawili waliokuwa hawaamkiani kwa muda mrefu wakikalishwa bega kwa bega, mmoja ameshika uzi, mwingine anakata. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi mbele yetu. Walitunga mpaka usiku, na asubuhi yake wakaamkiana.

Nyua hizo hizo zilihudumia msiba. Rihani ilikwenda makaburini pamoja na maji ya mawaridi, na aliyekuja kuomba rihani ya kaburi hakuulizwa maswali. Alifunguliwa mlango, akapewa, akaenda zake.

Wala haya si mambo ya jana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa tambuu na maji ya mawaridi ya Dameski. Mgeni wa pwani alinukizwa kabla ya kulishwa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa Lamu katika ugonjwa wake, alimtungia binti yake utendi wa wosia, na baina ya mambo ya dini na ya adabu hakusahau kumwagiza atunge asumini na kuiweka kitandani. Mama anayehisi siku zake zimekaribia hapotezi ubeti kwa jambo dogo.

Sasa tuzihesabu nyua zilizobaki. Mmoja umemwagwa saruji ili pikipiki ipate pa kulala. Mwingine umejengwa vyumba viwili vya kupangisha. Kodi hainukii, lakini inalipa karo, na simlaumu aliyelazimika. Wala siwalaumu mabinti wanaotoka kazini jua limeshatua, saa ya kuchuma imewapita wakiwa kwenye matatu. Nawalaumu wenye uwezo, wanaosimamisha ghorofa kutoka mpaka hadi mpaka bila kuacha hata shubiri ya udongo, kisha siku ya harusi wakaagiza upinde wa maua ya plastiki wa kupamba lango. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Maua ya plastiki hayakuguswa, na ndiyo yanayostawi kuliko yote mjini.

Ndani ya ukumbi kuna viyoyozi, na manukato ya kupuliza yaliyokwisha kufanana kwa kila mtu. Bibi harusi ameshika mawaridi ya Naivasha, marefu, yamenyooka, yote rangi moja. Ni mazuri machoni. Yamezalishwa ili yastahimili safari ya ndege hadi Ulaya na siku nyingi ndani ya chombo cha maji, na katika kutafutiwa ustahimilivu huo harufu ndiyo iliyotolewa kafara. Yule mama wa mtaani aliyekuwa na mawaridi matatu ndani ya debe, yanayopukutika ukiyatazama vibaya, alimpa bibi harusi kitu ambacho mashamba yale yote hayampi. Komoro nako mlangilangi umekuwa zao la biashara: hukatwa usirefuke ili mchumaji aufikie, maua yake huchumwa mapema asubuhi na kukenekwa mafuta, na mafuta hayo huingia kwenye manukato ya Ufaransa. Mlangilangi ambao zamani ulisimama nyuma ya msikiti, mtu akaokota maua yake bure, sasa tunaununua dukani ndani ya chupa yenye jina la Kifaransa.

Bibi bado anatunga, na vikuba vyake vinauzika, hasa usiku wa kuamkia Ijumaa. Haoni ubaya kuviuza. Kinachomuuma ni kingine. Asumini ni ya uani kwake, lakini mkadi anaununua, rihani anainunua sokoni pamoja na mboga, na waridi ameacha kuliweka. Hakuna sinia linalobisha mlangoni kwake. Wasichana huja, humpiga picha mikono, humwambia mashallah, huenda. Wanampenda kweli, wala sina shaka na mapenzi yao. Lakini wanampenda kwa namna ambayo haiwapi jukumu lolote: hakuna anayebaki kuchagua matumba, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwomba tawi. Mwasumini wake, kwa kukosa waombaji, umejaa vijiti vikuukuu, na kila mwaka uteo unajaa kwa shida zaidi. Nilipomwambia naweza kumwitia mtu wa kuupogoa kwa ujira alinitazama kama niliyetaka kumkodishia watu wa kumlilia mazishini.

Wanaopenda urithi huitisha maonyesho, wakamkalisha mzee jukwaani atunge mbele ya kamera, wakampa cheti. Cheti hakina ubaya. Ila kikuba kilichotungwa na mtu mmoja peke yake, kwa maua aliyoyanunua mwenyewe, kimeshapoteza nusu ya ufundi wake kabla sindano haijaguswa.

Basi wewe usomaye haya, kama una udongo, hata wa debe moja kwenye roshani, usikimbilie kununua mche kitaluni. Masika ikianza, mtafute mzee wa mtaani kwako mwenye mwasumini umpigie hodi. Mwombe tawi la unene wa penseli, mwache alikate yeye. Vifundo viwili vizike kwenye mchanga na samadi kidogo, kimoja kibaki juu, liweke kivulini mpaka lichipue. Likichanua, mpelekee asumini za kwanza. Na nenda mwenyewe, usitume mtoto.