Kona Nne za Picha

Nyota iliyopigwa picha vizuri ni nukta. Mpiga picha wa anga humaliza saa nzima akifurahia katikati ya picha yake, halafu anavuta kona ya juu kulia na kukuta nyota zimerefuka, zote zimelalia upande mmoja. Huenda kihisi cha kamera kimeinama. Mwinamo kiasi gani unatosha kuharibu? Kwenye darubini ya f/5, nyota hubaki kali ndani ya nafasi ya mikroni 67 hivi, pungufu ya unene wa karatasi ya kawaida. Kwenye f/2 nafasi hiyo ni mikroni kama 11 tu.

Naipenda kazi ya kuutafuta mwinamo huo kwa sababu inashuku kila kitu, lakini kwa zamu. Kona zote nne zikiharibika kwa namna moja, kihisi hakina hatia: umbali kati yake na lenzi ya kunyoosha uga, ambao mara nyingi hutakiwa uwe milimita 55, umekosewa, na pete nyembamba ya washa itamaliza ugomvi. Ikiharibika kona moja tu, legeza kamera, izungushe nusu duara, upige tena nyota zile zile. Ubovu ukibaki kona ile ile ya picha, umo ndani ya kamera. Ukihamia kona ya mkabala, umo kwenye darubini: mrija wa fokasi umelegea, au vioo havikupangwa sawa. Fundi mwashi wa Kayanga, hapa Karagwe, hahitaji kufundishwa hilo. Akiitilia shaka pima maji yake, huigeuza kichwa mkia juu ya tofali lile lile. Povu likihama, kosa si la ukuta.

Karagwe iliwahi kupokea wageni wenye ujuzi wa jamii hiyo. Wapelelezi Speke na Grant walifika kwa Omukama Rumanyika, mtawala wake, Novemba 1861 wakiwa na sekstanti ya kupimia nyota. Vitabu vinawakumbuka kwa habari za Nile. Mimi huvutiwa zaidi na vyombo vyao. Wapimaji wa zamani walipotafuta latitudo walipenda kupima nyota ya kaskazini, kisha ya kusini. Kosa la chombo lililoongeza huku lilipunguza kule, na wastani ukalifuta.

Huku Karagwe na Kyerwa anga lenyewe huongeza mtihani. Tuko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko karibu kugusa vilima na Nyota ya Kaskazini haina msaada. Mhimili wa stendi ya darubini, unaotakiwa kuelekea ncha hiyo, unalala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingine hata hazishuki kiasi hicho. Nyota zinachomoza upande wa Ziwa Viktoria, zinapanda wima, zinazama Rwanda. Kamera inayozifuata huning'inia nyuma ya darubini kwa mkao mmoja jioni na mwingine usiku wa manane, na uzito wake huuvuta mrija kila mara kwa upande tofauti. Mwinamo uliousahihisha darubini ikitazama utosini unaweza kurudi ikishuka kuelekea Nkwenda. Ndiyo maana namheshimu anayepima mara mbili, juu na chini, kabla ya kugusa skrubu, hata kama ni Julai na kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita juu kikimshawishi aache kupima apige picha.

Skrubu zenyewe zina adabu yake. Nyingine zinasukuma, nyingine zinavuta; ukikaza moja bila kulegeza mwenzake unapinda bamba. Robo mzunguko ni nyingi mno.

Masika kazi huhamia chumbani. Elekeza leza kwenye kihisi, zungusha kamera juu ya kitako chake, tazama mwanga unaorudi ukutani. Ukitulia, kihisi kimekaa sawa; ukichora duara, kimeinama. Ila mianga inayorudi ni zaidi ya mmoja, maana kioo cha kinga nacho huakisi. Usifuate unaong'aa peke yake. Fuata ule uliozungukwa na safu za vinukta hafifu: huo umetoka kwenye kihisi.